Kabla ya Kuuliza Kama Shule Zifungwe

Ndugu walimu, wazazi, wajumbe wa bodi za shule, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa na wazee asubuhi nzima, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwalinda walimu na wanafunzi wakati wa janga la maradhi. Aliyeniomba aliongeza, kwa adabu, kwamba nisirefushe habari ya kunawa mikono, maana hilo kila mtu ameshaimbiwa mpaka amechoka. Nitamtii kwa sehemu kubwa.

Nitasema neno langu mapema ili atakayesinzia huko mbele asikose kitu. Shule huwa salama pale ambapo mgonjwa anaweza kubaki nyumbani bila kuadhibiwa, na pale ambapo hewa ya darasani inabadilika. Hayo mawili, kwa mpangilio huo. Barakoa, dawa za kupulizia, mishale iliyochorwa sakafuni na vipimajoto vya getini vinakuja nyuma yake. Na baadhi yake, tuseme kweli, vilikuwa maonyesho.

Najua swali mlilokuja nalo ni jingine: likizuka janga jingine, shule zifungwe au zisifungwe? Nitalifikia. Lakini nimeona jinsi swali hilo linavyomeza mengine yote. Mwaka 2020 watu waligawanyika, hawa wa kufunga na wale wa kufungua, na muda wote walipokuwa wakibishana hakuna aliyekwenda kutazama kama madirisha ya darasa la nne yanafunguka.

Nianze na kisa kimoja kilichochunguzwa vizuri. Mei 2021, katika shule moja ya msingi kwenye kaunti ya Marin, California, mwalimu mmoja ambaye hakuwa amechanjwa alianza kujisikia vibaya. Pua imeziba, mwili umechoka. Akadhani ni mzio tu, akaendelea kufundisha kabla ya kupimwa. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi 24, wote wadogo mno kwa chanjo zilizokuwa zimeruhusiwa wakati ule. Shule ilikuwa na kanuni ya barakoa, na wanafunzi waliifuata; mwalimu mara nyingine aliishusha yake ili awasomee kwa sauti. Kila mwalimu aliyeko hapa anaelewa kwa nini. Jaribu kumsomea mtoto mngurumo wa simba ukiwa umefunikwa mdomo.

Wanafunzi 12 wa darasa lile waliambukizwa. Katika mistari miwili ya mbele walikaa 10, na 8 kati yao walipata virusi. Katika mistari ya nyuma walikaa 14, wakapata 4. Kutoka hapo virusi vilifika kwenye darasa jingine, kwa ndugu wa wanafunzi na kwa wazazi wao, hadi wagonjwa wakatimia 27 pamoja na mwalimu mwenyewe.

Sasa kuna sehemu ambayo husahaulika kisa hiki kinaposimuliwa. Madawati yalikuwa yametenganishwa kwa futi 6. Mlango na madirisha vilikuwa wazi. Mbele ya darasa palikuwa na mashine ya kuchuja hewa. Ndiyo maana ninakitumia: hakimpi raha mtu yeyote. Anayetegemea barakoa anaona jinsi dakika chache za kuishusha zilivyotosha. Anayetegemea madirisha, na mimi ni mmoja wao, anaona kwamba dirisha halimwondoi mgonjwa aliyesimama mita moja na nusu mbele yako akiongea kwa saa kadhaa. Na anayetaka kumlaumu mwalimu yule ajibu kwanza: ni lini mara ya mwisho alikosa kazi kwa sababu ya pua iliyoziba?

Walimu wagonjwa huja kazini kwa sababu tunazozijua sote. Hakuna wa kushika kipindi, kwa hiyo ukibaki nyumbani mwenzako ataunganishiwa madarasa mawili, na kesho atakutazama kwa jicho la pembeni. Mwalimu wa muda analipwa kwa kipindi. Siku asiyofundisha ni siku asiyolipwa. Mitihani imekaribia na mada tatu hazijaguswa. Kisha kuna ile fahari ya kazi, ya mwalimu anayesimulia kwamba hajawahi kukosa siku hata moja tangu aajiriwe. Wakati wa amani tunampigia makofi. Wakati wa janga ni mtu wa kuogopwa kidogo.

Mwongozo ukisema "ukijisikia vibaya, baki nyumbani" na hakuna mtu wa kushika darasa, hiyo ni karatasi tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya usalama inafanyika kwenye ratiba na kwenye fedha. Kila shule iwe na orodha ya watu wa kuziba pengo: walimu wastaafu wenye afya, wanachuo wa ualimu, mwalimu mkuu mwenyewe. Kila mwalimu aache kabatini kazi za siku tatu ambazo yeyote anaweza kuzisimamia. Na siku za mwanzo za ugonjwa ziruhusiwe bila cheti cha daktari. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona likipuuzwa na watu wenye akili zao: wakati wa janga, kumtaka mwenye kikohozi alete cheti ni kumtuma akapange foleni kliniki pamoja na wazee na wajawazito, ili tu shule iwe na karatasi ya kubandika kwenye faili.

Kwa upande wa wanafunzi, naomba tuiondoe zawadi ya mahudhurio kamili. Naona mwalimu wa nidhamu amekunja uso, tutaongea baadaye. Zawadi ile humfundisha mtoto mwenye homa kuificha. Na wazazi nao wana ujanja wao, msiniambie hamuujui. Mtoto anaamka na homa, mama ana zamu ambayo akiikosa anafukuzwa, basi mtoto anapewa dawa ya kushusha homa alfajiri. Anafika getini, kipimajoto kinasoma kawaida, anapita. Saa nne dawa inaisha nguvu na homa inarudi, akiwa katikati ya wenzake 50. Kile kipimajoto tulichokinunua kwa mbwembwe kimetuambia nini? Kimetuambia kwamba mtoto amekunywa dawa. Na wapo wengi wanaoambukiza bila homa yoyote. Mzazi yule hashindwi kwa sababu hana upendo au elimu. Anashindwa kwa sababu mwajiri wake hana huruma. Wajumbe wa bodi mnaofahamiana na waajiri, hapo pana kazi yenu.

Tukishindwa kumzuia mgonjwa nyumbani, tuwe na mahali pa kumweka. Chumba kidogo chenye dirisha linalofunguka, kiti, maji, mtu mzima mmoja aliyevaa barakoa, na namba ya simu ya mzazi ambayo kweli inapatikana. Mgonjwa asitangazwe mstarini kwa jina. Mtoto akiaibishwa mara moja, wengine 10 watameza kikohozi chao.

Na tusizidishe upande wa pili. Katika mwaka wa masomo wa 2020 hadi 2021, shule nyingi Uingereza zilirudisha nyumbani kundi zima kila alipopatikana mgonjwa mmoja, siku 10 hadi 14 kila mara. Watafiti wakalinganisha shule zaidi ya 200: nyingine ziliendelea na utaratibu huo, nyingine zikawapima kila siku wanafunzi waliokuwa karibu na mgonjwa na kuwaacha wasome. Waliokuja kuambukizwa kati ya hao waliokuwa karibu walikuwa chini ya 2 katika kila 100, na upimaji haukuonekana kuongeza maambukizi kwa kiwango cha kutisha. Hiyo ni mamia ya watoto wazima wa afya waliokuwa wakifungiwa nyumbani kwa ajili ya wachache. Vipimo vya haraka vikiwapo, vitumike hivyo. Visipokuwapo, angalau kundi la kuzuiwa lipunguzwe hadi wale waliokaa karibu kweli.

Tuje kwenye hewa.

Mwanzoni mwa UVIKO-19 tuliambiwa tuogope matone mazito yanayoanguka karibu, na tuogope vitasa vya milango. Julai 2020 wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi, wakiongozwa na Lidia Morawska na Donald Milton, wakiomba njia ya hewa ipewe uzito unaostahili. Shirika la Afya Duniani lilikuja kulieleza jambo hilo waziwazi kwenye maelezo yake ya Aprili 2021. Katika miezi hiyo tisa shule zilinunua dawa za kusugulia madawati kwa malori. Mwezi huo huo wa Aprili, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilikadiria kwamba kugusa kitu chenye virusi kulikuwa na uwezekano chini ya 1 kwa 10,000 wa kukuambukiza. Mikono tunawe, maana kuhara na kipindupindu havijaenda likizo. Ila madawati yale tuliyasugua tukiwa tumefunga madirisha ili vumbi lisiingie.

Ukitaka kuelewa pumzi ya mtu inavyosafiri, fikiria mtu anavuta sigara kwenye kona ya darasa. Aliye jirani naye anapata wingu zima. Baada ya dakika 20 aliye kona ya pili anasikia harufu, ingawa hawajawahi kukaribiana. Ukifungua madirisha ya pande mbili moshi unatoka. Ukiwasha feni huku umefunga kila kitu, unaugawa sawasawa kwa wote.

Hilo la kugawa sawasawa lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1974, katika shule ya msingi karibu na Rochester, New York, mtoto mmoja wa darasa la pili alikuja na surua. Watoto wengine 28 waliugua, na walitoka katika vyumba 14 tofauti. Wengi wao hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Karibu shule nzima ilikuwa imechanjwa. Mitambo ya hewa ya jengo lile ilikuwa ikivuta hewa ya madarasani na kuirudisha madarasani, na surua ikapanda humo kama abiria. Kwa hiyo mtu akikuambia "sisi tuna kiyoyozi," muulize hewa mpya inaingilia wapi. Viyoyozi vingi vya ukutani hupoza hewa ile ile.

Jerusalem walijifunza hivyo kwa uchungu. Shule zilifunguliwa Mei 17, 2020. Siku chache baadaye likaja joto kali, nyuzi 40, na wanafunzi wakaruhusiwa kuvua barakoa kwa siku tatu. Katika shule moja ya sekondari viyoyozi viliwashwa mfululizo, madarasa yakiwa na wanafunzi zaidi ya 35. Wanafunzi 153 na wafanyakazi 25 waliambukizwa. Na wagonjwa wawili wa kwanza kugundulika walikuwa wamekuja shuleni wakiwa tayari na dalili. Mnaona tunarudi palepale: mgonjwa aliyekuja, na hewa isiyobadilika.

Habari njema ni kwamba hewa inapimika. Hewa ya nje ina kabonidioksidi takriban sehemu 420 katika kila sehemu milioni. Pumzi tunayoitoa ina karibu 40,000. Weka kipimo kidogo mezani wakati wa kipindi: kikikaa chini ya 800, darasa linapumua. Kikipita 1,500, fungua kitu au toa watu nje. Kikifika 2,000, katika kila pumzi 25 unazovuta, sawa na pumzi moja imeshapita ndani ya mapafu ya mtu mwingine. Nikiwaambia wanafunzi jambo hili, madirisha hufunguliwa bila mimi kuomba. Serikali ya Uingereza iliahidi kusambaza vipimo takriban 300,000 mashuleni mwaka 2021. Shule isiyo na uwezo huo haihitaji kimoja kwa kila chumba. Kimoja kinachozungushwa kitakuonyesha vyumba vibaya, na vyumba vibaya huwa havibadiliki. Kumbukeni tu kwamba kipimo hiki hakihesabu virusi, na mashine ya kuchuja hewa haitashusha namba yake hata kama inafanya kazi vizuri.

Mashine hizo za kuchuja si lazima ziwe za bei kubwa. Mwaka 2020 mhandisi Richard Corsi na mtengenezaji wa vichujio Jim Rosenthal walikuja na sanduku ambalo leo lina majina yao: feni ya mraba juu, vichujio vinne au vitano pembeni, utepe wa gundi, basi. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kulitengeneza kama kazi ya sayansi, na wengi wamefanya hivyo. Linapiga kelele, nakiri, na mwalimu mwenye sauti ndogo atalichukia.

Je, hewa inasaidia kwa kiasi gani? Mwishoni mwa 2020 shule 169 za msingi katika jimbo la Georgia, Marekani, zilichunguzwa. Zile zilizowataka walimu na wafanyakazi wavae barakoa zilikuwa na maambukizi pungufu kwa asilimia 37. Zilizoboresha hewa, pungufu kwa asilimia 39. Na zilizofungua madirisha au kutumia feni pamoja na kuchuja hewa, asilimia 48. Sitaki kuzipigia namba hizi ngoma kupita kiasi. Shule inayojali madirisha huenda inajali na mengine ambayo hayakuhesabiwa. Lakini zinaelekea upande mmoja na kila kitu kingine tunachojua.

Wala jambo lenyewe si geni. Mwaka 1904 huko Charlottenburg, karibu na Berlin, ilifunguliwa shule msituni kwa watoto dhaifu waliotishiwa na kifua kikuu. Miaka minne baadaye Providence, Rhode Island, walianzisha darasa la hewa ya wazi katikati ya majira ya baridi, watoto wakiwa ndani ya mifuko ya kujifunikia na mawe ya moto miguuni. Hawakuwa na dawa ya kifua kikuu; dawa hiyo ilikuwa bado miaka 40 mbele. Walichokuwa nacho ni ukuta walioubomoa. Tulipopata dawa tukajenga kuta upya na kuzisahau shule zile.

Kwa hiyo kufungua dirisha ni rahisi? Hapana, na wanaosema ni rahisi hawajawahi kufundisha. Nje kuna kelele, kuna vumbi, kuna mvua inayoingia kwa ubavu. Kuna madirisha yaliyopigwa misumari baada ya wizi. Kuna baridi, na mtoto wa mbele ndiye hana sweta. Kila moja ya hayo lina jibu lake, na jibu linahitaji fundi na idhini ya mtu mwenye hundi. Darasa lisilo na namna kabisa litumike kwa vipindi vifupi, wanafunzi watoke nje dakika 10 kila saa, na masomo yanayowezekana yafanyikie chini ya mti au barazani. Kuimba, kukariri kwa pamoja na mazoezi ya viungo yatoke nje kwanza. Hayo ndiyo yanayotoa pumzi nyingi. Kingine kidogo lakini chenye maana: dirisha la watu wote halifunguliwi na mtu. Likabidhiwe kwa jina.

Barakoa nitazipitia haraka. Zinafanya kazi zikivaliwa vizuri na zikiwa za kitambaa au kichujio kinachofaa. Maambukizi yakiwa juu, zivaliwe ndani, na watu wazima watangulie. Lakini zina gharama yake kwa mtoto anayejifunza herufi akitazama midomo, na kwa mwanafunzi kiziwi ni kama kumzimia taa. Kwa hao tutafute njia: mwalimu afundishe herufi nje, au nyuma ya kioo cha plastiki akiwa mbali na mistari ya mbele. Kanuni isiyo na nafasi ya mambo kama haya huvunjwa kimyakimya, kama Marin.

Sasa walimu wenyewe. Tunapozungumza kuhusu usalama wa shule huwa tunawawaza watoto, kisha mwalimu tunamhesabu kama sehemu ya samani. Shule za Uingereza zilipofunguliwa kidogokidogo Juni 2020, wachunguzi walifuatilia maambukizi yaliyotokea humo. Njia iliyoonekana mara nyingi zaidi ilikuwa kutoka kwa mfanyakazi kwenda kwa mfanyakazi. Mnajua kwa nini, nanyi mnacheka. Darasani mwalimu ana barakoa na umbali. Kisha kengele ya mapumziko inalia, wanaingia 15 kwenye ofisi ya walimu yenye dirisha moja lililozibwa na kabati la mitihani ya miaka iliyopita, wanavua barakoa, wanakunywa chai na kulaumu wizara. Hakuna mahali hatari zaidi katika jengo zima. Sisemi walimu wasilaumu wizara. Nasema wafanye hivyo uani.

Mwalimu ndiye mwenye umri na maradhi. Kisukari, shinikizo la damu, pumu, mimba: hayo yanakaa upande wake wa darasa kuliko upande wa wanafunzi. Mkuu wa shule anapaswa kujua, kwa siri, nani apewe darasa lenye hewa bora, nani asisimamie bweni, nani afundishe vikundi vidogo. Chanjo ikipatikana, mwalimu asiachwe asubiri huku akiambiwa yeye ni mhimili wa taifa. Wala asifanywe wawili. Katika janga lililopita walimu wengi walifundisha walioko darasani na walioko nyumbani kwa simu kwa wakati mmoja, mshahara ukiwa uleule. Aliyepanga hivyo hakuwahi kujaribu.

Na walimu wawepo mezani wakati kanuni zinatungwa. Anayejua kwamba ngazi za jengo la mashariki hujaa saa sita kasorobo ni mwalimu wa zamu. Denmark ilipokuwa ya kwanza Ulaya kufungua tena shule, Aprili 15, 2020, ilianza na watoto wadogo, ikawagawa katika vikundi vidogo visivyochanganyika, ikawatoa nje kadiri ilivyowezekana. Mipango ya namna hiyo haisimami bila walimu kukubali kuwa wanaweza kuibeba.

Niliahidi kulifikia lile swali la kufunga.

Aprili 2020 UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 nje ya shule, katika nchi zipatazo 190. Wiki zile za kwanza siwalaumu waliofunga. Hatukujua virusi vinafanya nini kwa watoto, hospitali zilikuwa zinazidiwa, na kufunga kunanunua muda. Ninachouliza ni muda ule ulinunuliwa ufanyiwe nini. Uganda ilifunga Machi 2020, na baadhi ya madarasa hayakurudi mpaka Januari 2022. Hakuna nchi iliyokaa muda mrefu zaidi ya huo. Mpango wa Chakula Duniani ulikadiria kwamba watoto milioni 370 walikosa mlo wa shuleni mwaka 2020, na kwa baadhi yao huo ndio mlo wa maana wa siku. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto wa miaka 10 wasioweza kusoma na kuelewa habari nyepesi wameongezeka kutoka asilimia 57 kabla ya janga hadi asilimia 70.

Na wapo ambao mlango ulipofunguliwa haukuwafungukia. Sierra Leone ilifungua shule zake Aprili 2015 baada ya Ebola. Wasichana wengi walikuwa wamepata mimba katika miezi ile ya kukaa nyumbani, na serikali ikawazuia wajawazito wasiingie darasani na wenzao. Katazo lile liliondolewa Machi 2020, baada ya mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, kutoa hukumu dhidi yake. Mwezi huo huo shule za dunia zilikuwa zinafungwa tena. Mpango wowote wa kufunga shule usioeleza wasichana watarudi vipi haujakamilika, na bodi isiutie saini.

Upande wa pili kuna New York ya 1918. Homa ya mafua ilikuwa inaua, na miji mingi ilifunga shule. Kamishna wa afya, Royal Copeland, alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wengi wa mji ule waliishi katika vyumba vya msongamano visivyo na hewa, na shuleni angalau kulikuwa na nafasi, usafi, na wauguzi wa kuwakagua kila asubuhi. Mwenye dalili alirudishwa nyumbani, na afisa wa afya akafuatilia hali yake. Mji ule ulikuwa umejenga huduma ya afya ya shule kwa miaka kadhaa chini ya daktari Sara Josephine Baker. Sisemi uamuzi wake ungefaa kila mahali; wanahistoria bado wanabishana juu yake. Ila Copeland aliweza kuchagua kwa sababu wauguzi walikuwepo kabla ya homa. Asiye na wauguzi, asiye na madirisha, asiye na walimu wa akiba, huyo hachagui. Atafunga tu, na atafunga kwa muda mrefu.

Hivyo jibu langu ni hili. Kuna ugonjwa utakaokuja siku moja ambao utaua watoto kuliko UVIKO-19, na kwa huo shule zitafungwa siku hiyo hiyo na mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Kwa mengine, shule ziwe za mwisho kufungwa na za kwanza kufunguliwa, baa na kumbi za starehe zitangulie. Na kila tangazo la kufunga liandikwe pamoja na tarehe ya kulipitia upya, orodha ya kazi zitakazofanyika majengo yakiwa matupu, jina la anayewajibika, na namna mlo utakavyowafikia wanaoutegemea.

Nimezungumza vya kutosha. Kuna karatasi zinapita kwenye safu zenu; tafadhali msizikunje. Upande wa kwanza, kila mwalimu aandike chumba anachofundishia, madirisha mangapi yanafunguka, mangapi hayafunguki na kwa nini. Upande wa pili aandike nani anaweza kushika darasa lake kesho asubuhi akiamka na homa. Asiye na jina la kuandika aache wazi, bodi itaona. Zikusanywe hapa mbele kabla ya chai, na chai itanywewa nje. Tuanze na maswali ya walimu wa madarasa ya chini; wazazi mtafuata.